Farasi Aliyeambiwa Asubiri

Nyangeta, mama,

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati uko humo chumbani unapanga nguo. Nakusikia. Unabishana na mama yako kuhusu blanketi, yeye anasema Morogoro kuna baridi, wewe unasema begi limejaa. Habari za blanketi, na namna ya kukaa na wenzako bwenini, namwachia yeye, anaziweza kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na wiki hii nimejaribu mara tatu kulisema kwa mdomo likagoma. Juzi nilikuita kibandani, ukaja mbio ukidhani kuna shida, nikaishia kukuuliza kama umekula. Ndiyo maana leo nimefunga mapema, nimenunua daftari, nimekaa hapa uani na kalamu kama mtoto wa darasa la tatu.

Nianze na farasi, kwa sababu bila yeye nisingekuwa naandika.

Wewe na mimi hatujawahi kuona farasi kwa macho. Sijui kama hapa Nyasho yupo aliyemwona. Lakini mwaka huu mzima tumelala na kuamka na farasi mmoja anaitwa Shaba. Ulianza kunisomea ile hadithi siku ulipokuja kibandani ukakaa kwenye kiti cha wateja, huna raha, wenzako wameshaanza masomo, wewe hujachaguliwa. Ukasema, "Baba, kuna hadithi wanaitumaga kwenye kundi letu la simu kila Ijumaa. Nikusomee?" Nikasema soma. Nilidhani utasoma siku moja uchoke. Mimi navisha viatu soli, wewe unasoma kwa sauti, na wateja wakija kuchukua viatu vyao wanasimama mlangoni wanasikiliza mpaka wanasahau walichofuata.

Naikumbuka yote. Zawena, mlinzi wa malkia aliyefukuzwa, anavuka nchi ya majitu ya mawe juu ya farasi mwekundu kama shaba. Farasi anamtoa kwenye moto. Farasi anapigwa mshale uliomlenga Zawena. Mwisho wanafika kwenye mlima wa theluji ambao njia yake ni ngazi ya kamba, na farasi hapandi ngazi. Zawena anamkumbatia shingo, anamwambia, "Nisubiri hapa." Anapanda. Huko juu anashinda vita, anamchukua malkia, wanashuka kwa upande wa pili wa mlima. Ngoma zinapigwa, taji linavikwa, hadithi imeisha.

Ulisoma mstari wa mwisho ukanyanyua uso. "Baba, na Shaba?"

"Shaba gani? Si imeisha?"

Ukaniangalia kama nimekutukana.

Kumbe hukuwa peke yako. Kundi lote liliwaka. Yule mwalimu wa Tanga akasema Shaba amekufa kwa baridi, hakuna majani kwenye theluji. Yule dada anayefanya kazi Oman akasema hapana, farasi ana akili, amerudi kwao. Kijana wa Mwanza akasema mwandishi amemsahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Walibishana wiki nzima, na mwandishi mwenyewe yuko kimya. Wewe ulikuwa unanisomea ugomvi wao kwa sauti zilezile ulizokuwa unasomea hadithi, nami nacheka mpaka sindano inanichoma kidole. Siku moja ukaninyang'anya simu yangu, ukaniingiza kwenye kundi. "Na wewe sema, Mzee. Usikae unacheka tu."

Ilinichukua nusu saa kuandika. Niliandika hivi: "Samahanini, wakubwa kwa wadogo. Swali langu ni moja. Nani alimvua tandiko?"

Wote wakarudi kwenye ile sura kutafuta. Ikaonekana Zawena alichukua ngao, akachukua mkoba na shuka lake. Tandiko aliliacha mgongoni kwa farasi, na kile chuma cha mdomoni pia. Nikawaeleza ninachokijua: mnyama mwenye chuma mdomoni hawezi kula vizuri, na ngozi ikilowa kisha ikakauka inabana, inakula nyama. Mimi ngozi ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo aende kwao au abaki, nikasema, huyo farasi hakuachwa huru. Yule dada wa Oman akaandika kwamba ameanza kulia akiwa anaosha vyombo vya watu. Kuanzia siku ile wakaniita Mzee wa Tandiko, na wewe ukabadilisha jina langu kwenye simu yako. Niliona. Nilifurahi kuliko unavyodhani.

Halafu mwalimu wa Tanga akaniuliza, "Mzee, haya mambo umeyajulia wapi?"

Hapo ndipo niliposema uongo. Nataka nikueleze ukweli wake kwanza, kisha nije kwenye ule mwingine.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, babu yako alinipa punda wake, Kadogo, niende naye kwenye machimbo ya Buhemba. Nyumbani kwetu Mugeta kulikuwa na ukame na ng'ombe wamekondeana, na wachimbaji walikuwa wananunua maji. Kadogo alikuwa anabeba madumu manne, mawili huku mawili huku, kutoka kisimani hadi mashimoni, mara sita kwa siku. Alikuwa mpole kiasi kwamba nilikuwaga nalala chini ya tumbo lake mchana kupata kivuli. Hakuwahi hata kunikanyaga.

Siku moja likapita lori la vijana ninaowajua, wanapiga kelele kwamba dhahabu imetoka shimo jipya mbele huko, aliye tayari apande. Nikamfunga Kadogo kwenye kisiki kwa kamba ndefu, nikamwekea nusu ndoo ya maji, nikasema jioni nitakuwa nimerudi. Sikumvua hata matandiko. Nilifikiri, ya nini, si narudi sasa hivi.

Nilikaa siku nne. Kila siku nilikuwa nasema kesho. Kila siku aliyekuwa shimoni alikuwa anasema ameona mng'aro. Sikupata hata punje.

Niliporudi niliona duara kwanza, kabla sijamwona yeye. Majani yote yaliyofikiwa na kamba yalikuwa yameliwa mpaka udongo, na nje ya duara majani yanafika magotini. Ndoo imepinduka. Kadogo amelala ubavu, na mkanda wa tandiko umeingia kwenye ngozi. Nilimwita, na masikio yakageuka kunifuata. Alijaribu kuinuka, Nyangeta. Hilo ndilo sijawahi kulisema kwa mtu. Aliponisikia alijaribu kuinuka ili afanye kazi. Nilimletea maji kwenye kofia yangu, akanywa kidogo, na kabla jua halijazama akafa.

Nikarudi Mugeta kwa miguu, nikamwambia babu yako kwamba fisi wamemla. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Badala yake alinishika bega akasema, "Pole mwanangu. Najua ulikuwa unampenda." Angenipiga ningepona. Ile pole imenikaa kooni mpaka leo. Nilikuwa nasema nitamwambia akipona homa, nitamwambia Krismasi tukikaa wawili, nitamwambia nikishaoa. Tulimzika mwaka ule ulipoanza kutambaa, na alikuwa bado anaamini ni fisi.

Kwenye kundi lenu niliandika kwamba kamba ilikatika, Kadogo akarudi mwenyewe mpaka Mugeta, nikamkuta zizini anakula pumba. Mioyo myekundu ikamiminika kwenye simu. Wewe ukaandika kwa herufi kubwa, "MNAONA? WANARUDIGA! BABA YANGU NI SHAHIDI!" Usiku ule mama yako aliniuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo.

Sasa naja kwenye lenyewe. Kama umesimama, kaa.

Siku mbili baada ya hapo kundi lilikuwa linaelekea kukubaliana kwamba Shaba alirudi kwao kama punda wa Mzee wa Tandiko. Ndipo ukaandika ule ujumbe wako mrefu. Bado ninao. Ulisema hivi:

"Mimi simlaumu Zawena kwa kumwacha Shaba. Ngazi ni ngazi, farasi hapandi. Namlaumu kwa neno moja tu, nisubiri. Angemwambia nenda, Shaba angejiamulia mwenyewe. Lakini ukimwambia mtu asubiri, na wewe unajua njia hiyo hurudi, umemwibia siku zake. Mimi mwaka jana nilisubiri simu ya chuo miezi miwili. Kila simu ikiita naruka. Kusubiri kitu ambacho hakiji nakujua."

Nilikuwa na kiatu cha mtoto wa shule mkononi. Nilikiweka chini. Mwenye kiatu alikuja jioni akakikuta vilevile.

Simu ya chuo ilikuja, Nyangeta.

Unakumbuka simu yako ilikuwa imetumbukia kwenye beseni, ukaandika namba yangu kwenye fomu. Unakumbuka mama yako alikuwa amevunjika mguu kwenye pikipiki akitoka Kisorya kuchukua dagaa, yuko kitandani na plasta mpaka pajani, wewe ndiye unampikia na kumbeba chooni. Ilikuwa Alhamisi mchana. Mama mmoja, sauti ya upole, akauliza kama anaongea na mzazi wako. Akasema kuna mwanafunzi hakuripoti, nafasi imepatikana, wewe ufike kabla ya Jumatatu, vinginevyo watampa anayefuata. Nikasema, "Sawa mama, nitamwambia."

Nilitembea kutoka kibandani hadi hapa nyumbani nikiwa nimeamua kukwambia. Nilipita sokoni nikanunua samaki, sato mkubwa, wa kusherehekea. Nikakukuta unampangusa mama yako mgongo kwa maji ya moto, mnacheka jambo fulani, sijui jambo gani. Ukageuka ukaniuliza kama ulivyokuwa unaniuliza kila siku, "Baba, kuna mtu alipiga?"

Nikasema, "Hakuna."

Sijui lile neno lilitoka wapi. Nilijiambia ni la usiku mmoja tu. Ijumaa ukaniuliza tena, nikasema hakuna. Jumamosi hukuuliza, nikashukuru. Jumatatu ikapita. Jumanne nikaifuta ile namba kwenye simu, na ukaja kuambiwa na rafiki yako kwamba wenzenu wameshaanza vipindi. Ulilia ukiwa umejifunika kanga ya mama yako ili asikusikie. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikusikia, nikarudi kibandani.

Nilijipa sababu. Nilisema ni mguu wa mama yako. Nilisema Morogoro ni mbali na wewe ni mmoja tu tuliyejaliwa. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa nyumba bila wewe. Basi. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo, na nimeitafuta mwaka mzima.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: mwaka uliofuata ndio ulikuwa mtamu kuliko yote niliyoishi. Binti yangu, mtu mzima sasa, amekaa kwenye kiti cha wateja, ananisomea habari za farasi, tunabishana, tunacheka, tunakula mihogo ya kuchemsha kwenye sahani moja. Kila Ijumaa nilikuwa naamka kama mtu anayekwenda harusini. Kumbe nilikuwa nakula siku zako. Nilikuwa najua wakati nakula.

Ujumbe wako ule ulipokuja nilimwambia mama yako usiku uleule. Nilidhani atanielewa kwa sababu ya mguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Nyangeta, mimi nilivunjika mguu, sikuvunjika mdomo. Ungeniuliza ningekwambia mtoto aende, dada yangu angetoka Bunda akaja kunishika. Usinitie kwenye hilo jambo lako." Akanigeuzia mgongo. Asubuhi akasema, "Atajaza fomu tena mwaka huu. Namba ataandika ya kwangu. Na wewe utamwambia kabla hajapanda basi, la sivyo nitamwambia mimi, na kwa mdomo wangu halitakuwa tamu."

Ndiyo maana safari hii simu ililia kwake. Ulipiga kelele majirani wakaja, ukanirukia shingoni ukasema, "Baba, wamenichukua! Mwaka huu wamenichukua!" Nilikushika. Nilijua la mwaka jana, na nilikushika.

Sasa unaelewa kwa nini sina mashauri mengi ya kukupa. Mtu anayetoa mashauri awe amesimama mahali. Naweza kukwambia tu nilichokiona kwangu mwenyewe. Mimi sijawahi kukaa chini nikapanga uongo. Wa babu yako ulitoka mdomoni kwa sababu nilikuwa nimechoka na nina vumbi. Wako ulitoka kwa sababu mlikuwa mnacheka na sikutaka mnyamaze. Kila mara nilidhani nitausahihisha kesho, na kila kesho ulikuwa umekuwa mgumu zaidi, kama gundi. Ukiona umesema "hakuna" na kumbe kuna, rudi siku ileile, hata kama ni saa nne usiku, hata kama mwenzako ameshalala. Mwamshe. Atakasirika kidogo. Mimi niliacha walale, mmoja hakuamka tena.

Na jingine, huko chuoni uendako utajifunza kutibu mifugo ya watu. Watakuja wazee kama mimi, watakwambia ng'ombe ameanza kuumwa jana, na utaona kwa macho kwamba ni wiki mbili. Usiwafokee sana. Mtibu mnyama kwanza. Mwenyewe atasema akiwa tayari, na kama una uso wa mama yako atasema mapema.

Leo asubuhi niliandika kwenye kundi. Utaiona ukifungua simu, najua tangu jana hujaifungua kwa pilikapilika. Niliwaambia kwamba kamba ya Kadogo haikukatika. Nimeandika yote, duara, ndoo na kofia. Nikasema kama Mzee wa Tandiko ndiye aliyekuwa shahidi wenu, basi shahidi alidanganya, na kuhusu Shaba muamue upya bila mimi. Nilidhani watanitoa. Yule mwalimu wa Tanga aliandika, "Asante kwa ukweli, Mzee." Kijana wa Mwanza akauliza kama Nyangeta anajua, na sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa bado naliandika hapa.

Nilitaka kuichomeka barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute njiani, labda Singida, mimi nikiwa mbali. Asubuhi mama yako aliniona nikipima mfuko kwa mkono. Akaniuliza, "Unataka mtoto alie Singida katikati ya watu asiowajua, na wewe uko hapa unakula ugali?" Nikaona aibu. Kwa hiyo nakuletea mwenyewe, kabla ya chakula cha jioni, wakati bado kuna mwanga wa kusomea.

Sikuombi unisamehe kabla ya kesho asubuhi. Basi linaondoka saa kumi na mbili na sitaki ukimbilie basi, na msamaha pia uukimbilie. Ukitaka nikusindikize stendi ya Bweri nitabeba begi. Ukitaka mama yako pekee akusindikize, nitabaki na sitauliza kwa nini. Ukitaka kunifokea, fokea, kuta za hapa ni nyembamba na majirani watasikia, na wasikie. Kama una maswali, uliza yote, hata yale ya siku ndogondogo, nilikuwa wapi saa ngapi, nilisema nini. Nitajibu kila moja. Sitasema hakuna.

Nakupenda, mama. Nilikupenda vibaya mwaka mmoja.

Nimesikia umefunga zipu. Nabisha hodi sasa.

Baba yako